Kupukuchua na Kukata: Kiswahili, Wakati na Takwimu za Kibera na Kawangware

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi na teknolojia umezoeleka mno katika majarida ya vyama vya wanafunzi wa Kiswahili. Aghalabu mjadala huo huishia kwenye istilahi: iwapo chombo kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Wataalamu hulumbana, kila mmoja akaondoka na neno lake, nao watumiaji wakaendelea kusema kompyuta kana kwamba hakuna kikao kilichofanyika. Makala haya yanachukua njia nyingine. Yanaingia ndani ya kazi moja ndogo ya takwimu, kazi ya kukata kipande cha data iliyopangwa kwa wakati, na kudai kwamba kazi hiyo ni ya lugha kabla ya kuwa ya hesabu. Ushahidi unatafutwa Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi ambako watafiti hawaishi kubisha hodi wakiwa na hojaji mikononi, na ambako takriban kila swali huulizwa kwa Kiswahili na kila jibu huhifadhiwa kwa Kiingereza.

Chombo kinachohusika ni lugha ya kupangia programu iitwayo R. Ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo lake la 1.0.0 likatolewa tarehe 29 Februari 2000. Ni programu huria isiyolipiwa, na hilo pekee linatosha kueleza kwa nini imependwa katika vyuo ambavyo fedha za leseni ni za kubahatisha. Miongoni mwa vitu ambavyo R huvitambua ni mfululizo wa wakati: safu ya thamani zilizopangwa kwa kufuatana, zikiambatana na taarifa tatu, yaani mwanzo, mwisho na idadi ya vipimo katika kila mwaka. Mathalan, anayefuatilia bei ya pakiti ya unga katika soko la Kawangware kila mwezi kuanzia Januari 2007 ataieleza mashine kwamba mwanzo ni mwezi wa kwanza wa 2007 na kwamba vipimo ni 12 kwa mwaka. Kuanzia hapo mashine haihitaji kuandikiwa tarehe kando ya kila bei. Inajua yenyewe kwamba thamani ya 14 ni ya Februari 2008.

Ujuzi huo ni dhaifu kuliko unavyodhaniwa. Mwanafunzi akitumia mabano ya mraba kudai thamani ya 12 hadi ya 14, R humpa thamani hizo tatu bila ajizi, ila humpa namba tupu. Mwanzo, mwisho na mwendo wa miezi vimetoweka. Kilichosalia ni bei tatu zisizojua zilitoka mwaka gani. Akitaka kipande kinachobaki kuwa mfululizo wa wakati, hana budi kutumia amri nyingine, ile iitwayo "window", maana yake dirisha, na kuieleza kianzio na kikomo kwa mwaka na mwezi. Hapo hupewa bei zile zile tatu, safari hii zikiwa zinajua kwamba ni za Desemba 2007 hadi Februari 2008.

Tofauti hii inawatatiza wanafunzi wengi wa takwimu, na vitabu huieleza kwa kurasa nzima za maneno mazito. Mwuza mahindi ya kuchoma wa kando ya barabara pale Kawangware angeieleza kwa mikono. Hindi linaweza kuvunjwa vipande viwili, na kila kipande kikabaki na punje zake katika mistari yake, kila punje na jirani yake wa awali. Hindi hilo hilo linaweza kupukuchuliwa. Punje ni zile zile, ladha ni ile ile, lakini zikishamwagika ndani ya sinia hakuna ajuaye ipi ilikuwa ncha na ipi ilikuwa karibu na shina. Mabano ya mraba hupukuchua. Dirisha hukata.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoanza kudai haki yake. Kiingereza kimerundika vitendo kadhaa chini ya jina moja la kuchukua sehemu ya kitu kizima, na mwanafunzi hulazimika kung'amua mwenyewe kwamba vitendo hivyo havifanani. Kiswahili kina vitenzi tofauti, na kila kimoja kina desturi yake. Kukata ni kutenga kipande kinachoendelea, chenye pande mbili zinazoonekana. Kudondoa ni kuokota moja moja, kama mtu adondoaye mchele uliomwagika, na ndiyo maana neno hilo likahamia kwenye kunukuu maandishi. Kuchuja ni kupitisha kila kitu kwenye sharti, kinachofaulu kikapita na kisichofaulu kikabaki, mfano kuchukua miezi yote ambayo bei ilizidi Sh150 bila kujali ni ya mwaka gani. Kumega ni kuchukua sehemu ya kitu ambacho hakina mipaka ya ndani, kama tonge la ugali. Mhadhiri anayefundisha R na kutumia vitenzi hivi vinne mahali pake atakuwa ameeleza nusu ya somo kabla ya kugusa kibodi. Hii si tafsiri ya istilahi ya Kiingereza; ni uchambuzi makini zaidi kuliko istilahi yenyewe. Wale wanaoshikilia kwamba Kiswahili daima hukimbilia nyuma ya lugha nyingine wakipiga miayo hawajawahi kusimama karibu na kinu.

Wala suala hili si la darasani tu. Anayekata ndiye anayeamua hadithi itaanzia wapi. Mnamo Mei 2017 serikali ya Kenya ilitoa ruzuku iliyoshusha bei ya pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi hadi Sh90, miezi mitatu hivi kabla ya uchaguzi mkuu wa tarehe 8 Agosti. Mnamo Julai 2022, pakiti hiyo ikiwa imepita Sh200, bei ilishushwa tena kwa agizo hadi Sh100, zikiwa zimesalia takriban wiki tatu kufikia uchaguzi wa tarehe 9 Agosti. Mfululizo wa bei za unga ukifunguliwa dirisha la Aprili hadi Agosti 2017, mstari unateremka kwa uzuri, na mtu wa jukwaani anaweza kuuonyesha kama ushahidi wa utawala mwema. Dirisha likifunguliwa kuanzia 2016 hadi mwisho wa 2018, mteremko huo ni sehemu ndogo tu ya mfululizo mrefu. Bei hazikubadilika; kilichobadilika ni mahali kisu kilipopita. Mama wa Gatina anayenunua unga wa kupima kwa gorogoro haangalii mchoro wowote, lakini mfuko wake una kumbukumbu ya mfululizo mzima, na hilo ndilo linalomfanya acheke anapoonyeshwa kipande.

Mfano mzito zaidi ni wa mwaka wenyewe. Ripoti nyingi hukata data kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, kwa kuwa ndivyo jedwali linavyopendeza. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hazikuiheshimu kalenda hiyo. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007, na mkataba wa maridhiano ukatiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Tume ya Uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika vifo 1,133 nchini kote. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Hata reli inayopita katikati yake iling'olewa. Mtafiti akikata kwa miaka, siku za kwanza za ghasia hizo zinaangukia 2007, mwaka ambao kwa jumla ulikuwa wa amani, na zinamezwa na wastani wa miezi 11 ya utulivu. Zilizosalia zinaangukia 2008, zikachanganywa na miezi 10 ya kujenga upya. Tukio moja limepasuliwa katikati, na kila nusu ikazikwa katika kaburi la mwaka tofauti. Vifurushi vya ziada vya R, hasa kile kiitwacho xts, huruhusu mtu kuandika mwezi wa kuanzia na mwezi wa kukomea, Desemba 2007 mkwaju Februari 2008, na kipande kizima kikatoka kikiwa na ncha zake zote mbili. Mashine haina kizuizi. Mazoea ya anayeiamuru ndiyo yanayopasua.

Lakini kisu kinachopaswa kuwashughulisha wanafunzi wa Kiswahili kuliko vyote ni kile kinachopita usiku.

Katika hesabu ya Kiswahili, saa huhesabiwa kutoka macheo na machweo. Saa moja asubuhi ni saa baada ya jua kuchomoza. Saa moja usiku ni saa baada ya kuchwa. Katika desturi ya pwani, na miongoni mwa Waislamu popote walipo, siku yenyewe huanza magharibi: usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa ni ule ambao watu wengine wangeuita Alhamisi usiku. Makina, kitovu cha Wanubi wa Kibera ambao mababu zao walikuwa askari wa jeshi la kikoloni, hesabu hiyo si ya vitabuni. Serikali kwa upande wake huikata siku usiku wa manane, saa sita kamili. Ndiyo maana vyombo vya habari hutumia daraja la maneno, "usiku wa kuamkia Jumapili", ili kumwokoa msikilizaji asipotee kati ya hesabu mbili. Daraja hilo ni zuri kiasi kwamba hata sensa hulihitaji: sensa za Kenya za 2009 na 2019 zote ziliwahesabu watu kwa kuuliza nani alilala katika kaya hiyo usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti.

Mashine inaongeza hesabu ya tatu. Kompyuta isipoambiwa kwamba data ni ya Nairobi, aghalabu hushika saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hesabu hiyo siku mpya huanza Nairobi ikiwa saa tisa usiku. Chochote kilichotokea kati ya saa sita na saa tisa usiku hurudishwa kimyakimya kwenye siku iliyotangulia. Tuseme kibanda kimechomwa Laini Saba saa nane usiku, usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 1 Januari 2008. Mzee wa Makina atasema ni usiku wa Jumanne. Kijana wake atasema ni Jumatatu usiku. Polisi ataandika tarehe 1 Januari 2008. Mashine iliyoachwa ijiamulie itaandika saa tano usiku ya tarehe 31 Desemba 2007. Mtafiti akiagiza kipande cha mwaka 2008, moto huo haumo. Haukufutwa na yeyote, wala hakuna onyo lililotolewa. Umehama mwaka.

Kuna hatari nyingine iliyo ya kawaida zaidi, na haihitaji kompyuta kabisa. Mama anaulizwa mtoto alianza kuharisha lini, naye anajibu saa tatu usiku. Hojaji inataka saa kwa tarakimu. Karani mwenye haraka, au mwenye kufikiri kwa Kiingereza anapoandika, anaweza kujaza saa 03:00 pale palipostahili 21:00. Kwa tarehe hiyo hiyo, ugonjwa umerudishwa nyuma kwa saa 18. Palipokuwa na dalili iliyofuata mlo wa jioni, sasa pana dalili iliyoutangulia. Wakati wa korona, amri ya kutotoka nje iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 ilitangazwa kwa Kiingereza kuwa ya kuanzia 7 hadi 5, na kwa Kiswahili kuwa ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wakenya wanazibeba hesabu mbili kichwani bila kujikwaa, kwa kuwa neno asubuhi, jioni, usiku au alfajiri huandamana na namba na kuilinda. Kisanduku cha hojaji huitupa nguzo hiyo na kubakiza namba. Ni kupukuchua kwingine, kunakofanyika kizingitini mwa nyumba kabla data haijafika kwenye mashine.

Itasemwa kwamba makosa ya saa chache hayana uzito. Hilo ni kweli kwa bei ya unga. Si kweli kwa maradhi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, CDC, imefuatilia maradhi ya kuambukiza miongoni mwa wakazi wa vijiji vya Gatwekera na Soweto ndani ya Kibera, na vilevile huko Lwak, mashambani magharibi mwa Kenya. Data ya kati ya 2007 na 2009 ilionyesha kwamba visa vya homa ya matumbo vilivyothibitishwa kwa damu vilikuwa 247 kwa kila miaka-mtu 100,000 Kibera, dhidi ya 29 Lwak. Baada ya kusawazisha kwa kuzingatia wagonjwa ambao hawakufika kliniki au hawakupimwa, makadirio yalipanda hadi 822 na 445. Yaani pengo lililokuwa mara nane na zaidi lilikaribia kuwa mara mbili. Matokeo ya namna hii ndiyo yanayozingatiwa nchi inapoamua kuhusu chanjo, na Kenya iliendesha kampeni ya kitaifa ya chanjo ya homa ya matumbo mnamo Julai 2025. Anayetaka kujua iwapo chanjo imeleta nafuu atalazimika kulinganisha kipande cha kabla na kipande cha baada. Kila atakachosema kitategemea mahali alipokata, na iwapo "kabla" yake inaanzia katika miezi ambayo kliniki zilifikika.

Kwa kuwa zipo nyakati ambazo hazifikiki. Siku za mwisho za Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais ya tarehe 26, ghasia zilizuka Kawangware, watu wakafa na majengo yakateketezwa. Anayekusanya bei dukani siku hizo angekuta milango imefungwa. Aandike nini? Akiandika sifuri, amesema unga ulitolewa bure. Akiruka siku hizo na kusogeza bei za Novemba mahali pake, mfululizo mzima unateleza, na kuanzia hapo kila tarehe ni uongo. R ina alama maalumu ya pengo, herufi mbili kubwa, NA, na msomaji wa Kiswahili anayekutana nazo kwa mara ya kwanza huona safu ya NA, NA, NA, kama sentensi iliyokatizwa kabla ya kusema kinachofuata. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayofundisha: pengo si mwisho wa orodha, ni ahadi kwamba kuna kitu kilichopaswa kuwapo. Amri ya dirisha nayo ina adabu ya aina hiyo. Ikiagizwa kukata kupita mwisho wa data, hutoa onyo na kukomea data ilipokomea. Haibuni miezi isiyokuwapo. Laiti wanasiasa wangekuwa na onyo la namna hiyo.

Wakazi wenyewe wana njia yao ya kukata wakati, na haiendi kwa tarehe. Kibera husemwa kabla ya reli kung'olewa na baada yake. Kabla ya barabara, yaani kabla ya Julai 2018 nyumba na shule zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Wakati wa korona. Wakati wa El Niño. Wataalamu wa takwimu huwa wanalihesabu hili kuwa upungufu wa kumbukumbu, ilhali hao hao, mtu asipojua tarehe yake ya kuzaliwa, hutoa kalenda ya matukio ya kihistoria na kumwuliza alikuwa mkubwa kiasi gani jambo fulani lilipotokea. Wanachokidharau mlangoni wanakitumia sebuleni. Hata ndani ya R, kifurushi kiitwacho zoo, kilichoandaliwa na Achim Zeileis na Gabor Grothendieck, hakidai kwamba kielekezi cha mfululizo kiwe tarehe; kinadai tu kiwe kitu kinachoweza kupangwa kwa kutangulia na kufuata. Matukio ya Kibera yanakidhi sharti hilo bila shida.

Hoja ya mipaka ya mahali ni nyepesi kuieleza na haina haja ya kurefushwa. Sensa ya 2009 iliiandikia Kibera watu 170,070, baada ya miaka mingi ya makadirio yaliyofika milioni moja na zaidi. Sensa ya 2019 iliandika watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra. Anayeweka namba hizi mbili mfululizo na kutangaza kasi ya ongezeko amesahau kuuliza iwapo jina hilo lilifunika ardhi ile ile mara zote mbili, na tofauti ya herufi moja kati ya Kibera na Kibra ingetosha kumshtua mwanafunzi yeyote aliyefunzwa kusoma maneno.

Wapo watakaopinga kwamba haya yote ni kazi ya idara za takwimu na tibamaradhi, na kwamba idara ya Kiswahili inayojiingiza humo inatafuta makuu. Pingamizi hilo lina mashiko kiasi. Mwanafunzi wa isimu hana ulazima wa kujua kukokotoa tofauti sanifu, na mwenye kuandika mashairi asilazimishwe kuandika amri za R. Lakini hojaji zinazotumika Kibera hutafsiriwa na nani? Mara nyingi na wahitimu wa idara hizi hizi, kwa malipo ya ukurasa, wakiwa hawajaambiwa jibu litakatwaje baadaye. Mtafsiri aliyefasiri swali la wakati bila kujua kwamba mashine ina siku yake ametafsiri nusu. Na homa katika swali "je, umekuwa na homa wiki mbili zilizopita?" ni ipi: joto la mwili, mafua, malaria au ile ambayo Nairobi huiita taifodi? Suala la msamiati wa maradhi limeandikwa mara nyingi. Suala la msamiati wa wakati halijashughulikiwa ipasavyo, ilhali ndilo linaloamua kila jibu litaangukia kipande gani.

Pingamizi la pili ni la kukata tamaa: kwamba amri za R ni za Kiingereza na zitabaki hivyo. Zibaki. Jina la amri ni kama jina la mtu, halilazimu kutafsiriwa. Kinachotakiwa ni maelezo, mazoezi na mifano ya Kiswahili inayozunguka amri hiyo. Wala si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili kutoka juu hadi chini, katika kipindi ambacho wengi hawakuwa na barua pepe. Kilichofanya kazi hiyo iwezekane ni kwamba wanalugha na wanaprogramu walikaa meza moja. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Data ya umma inayokusanywa kwa lugha hiyo inastahili kuelezwa kwa lugha hiyo, pamoja na mbinu zilizoikata.

Kazi ya kuanzia ni ndogo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuchukua hojaji 10 zilizokwisha kutumika Kibera au Kawangware, akaangalia kila swali linalouliza lini, na kuandika jibu ambalo msemaji wa Kiswahili angelitoa kwa kawaida kando ya kisanduku alichopewa. Akaketi na wazee wa Makina na vijana wa Kabiro awaulize usiku wa Ijumaa ni upi. Akapeleka majibu hayo kwa mwenzake wa takwimu, wakayaingiza kwenye R mara tatu, siku ikianza magharibi, ikianza usiku wa manane, na ikianza saa tisa usiku, wakahesabu ni matukio mangapi yaliyohama tarehe, mangapi yaliyohama mwezi, na mangapi yaliyohama mwaka.